Mama Amehama Nyumba ya Vioo

Pale barabara ya Loresho inapochepuka kutoka Waiyaki Way pana benchi moja la mbao za jukwaa la ujenzi, limekaa chini ya turubai la Mbithe muuza kahawa, na hakuna kesi ya dunia hii ambayo haijahukumiwa hapo. Serikali zimeangushwa hapo na kurudishwa kabla kahawa haijapoa. Ulikuwa mwezi wa Julai, na Julai ya upande huu haina huruma: ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyaya za stima, na kila mtu amejikunyata ndani ya koti huku akigombania kiti cha karibu na jiko la Mbithe. Wenye benchi ni watatu. Landi, ambaye mama yake alimwita Mungai, ni mzaliwa wa hapo ng'ambo Kangemi, mwenye vyumba vya kupangisha na sauti ya kutosha vyumba vyote. Askofu ni Hezekiah, fundi wa viatu, ambaye hakutawazwa na kanisa lolote ila na mdomo wake mwenyewe. Wa tatu ni Were, mpaka rangi, mtu wa Samia kule karibu na ziwa. Huyo anaitwa Brashi, na nusu ya majumba ya Loresho yamepita mikononi mwake. Siku hiyo Brashi ndiye aliyefika wa mwisho, simu mkononi, na salamu amezisahau njiani.

– Niaje, Brashi? Landi akamwuliza. Mbona uso umekunjana hivyo? Nani amekufa?

– Mathe amehama.

– Amehama wapi?

– Nyumba. Ile nyumba. Amehama.

Mbithe aliacha kumimina, birika likabaki hewani. Pale benchini "ile nyumba" haikuhitaji maelezo, maana waliijenga wote kwa mdomo, jiwe kwa jiwe, tangu msingi. Miaka iliyopita Brashi alipaka rangi jumba moja huko juu Loresho, akalipenda kama watu wanavyopenda wake za wenyewe. Lilikuwa na vioo kutoka sakafuni mpaka juu, upande mzima wa magharibi, ili mwenyewe aote jua la jioni akitoka kazini. Lilikuwa na sehemu ya kuwashia moto ukutani na chimni ya mawe. Brashi alilikariri lote, akalichora kwenye karatasi ya mfuko wa simiti, akaituma kwa fundi wa kijijini kwao Samia. Alijinyima mpaka nyama ya Krismasi. Na Pasaka iliyotangulia Julai hiyo mama yake, mjane wa miaka mingi, alihamia humo kwa nyimbo na vigelegele. Picha ya nyumba ilikuwa mfukoni mwa Brashi siku zote, imeanza kuchakaa kona.

– Sasa amehamia wapi? Askofu akauliza.

– Amerudi kwa ile ya nyasi.

– Uuwi! Mbithe akapiga kelele.

– Ya nyasi? Landi alisimama, akakaa, akasimama tena. Ile ya matope? Ile ya kuinama ukiingia?

– Hiyo hiyo.

– Mungu wa Yakobo! Askofu akavua kofia. Mama ameacha mawe, ameacha vioo, ameacha chimni, amerudi kwa matope! Hiyo si kitu ya kawaida. Hiyo ni ishara.

– Na si hiyo tu, Brashi akasema. Hiyo ya nyasi ilikuwa ibomolewe leo.

Hapo hata Mbithe akaketi. Brashi akawaeleza. Mwezi uliofuata pasta na ukoo mzima walikuwa waje kuiombea nyumba mpya, na hema la wageni halikuwa na mahali pa kusimama isipokuwa pale penye nyumba ya zamani ya mama, kibanda cheusi mbele ya nyumba ya mawe. Kwa hivyo mdogo wake, Sammy, alikuwa ameita vijana wa kuibomoa. Walipofika na majembe yao wakamkuta mama ndani, ameshatandika mkeka wake, na kigoda chake kiko barazani.

– Sammy ananiuliza, "Tubomoe ama tusibomoe?" Anangoja jibu. Vijana wamesimama tu hapo.

– Na mathe anasema nini? Landi akauliza.

– Hasemi kitu. Ati huku ndiko anapumua. Basi.

– Umesikia! Askofu akamshika Brashi mkono. Ati huku ndiko anapumua! Kumaanisha kule kwingine kuna kitu inamkaba! Nilijua. Mimi nilijua siku ile uliniletea picha nikaona hiyo chimni.

– Wacha zako, Askofu, Landi akasema. Ulisema ni chimni safi. Ulisema ukipata pesa utajenga kanisa na chimni.

– Nilisema hivyo kwa sababu ya baridi. Roho yangu ilikuwa imekataa.

Brashi hakucheka. Alikuwa na mengine, na alikuwa ameyaficha wiki nzima kwa aibu, maana mtu hajengei mama yake nyumba ya mawe halafu atangaze kwamba ina mambo. Lakini siku hiyo aliyatapika yote.

– Kuna kitu inatembea kwa paa.

– Paka, Landi akasema.

– Si paka. Mchana, jua ikiwaka, tak! tak! tak! Halafu jioni tena, tak! tak! Mathe akitoka nje kuangalia, hakuna mtu, hakuna ndege.

– Mchana? Mbithe akajishika mashavu. Jini ya mchana? Hata haiogopi watu?

– Na mishumaa. Alikuwa ameweka mishumaa mezani, ile mirefu mieupe, ya kungoja pasta. Hakuna mtu amewasha. Jioni akarudi kutoka shamba akapata yote imeinama.

– Imeinama vipi?

Brashi akakunja kidole chake polepole mpaka ncha ikatazama chini. Benchi zima likakitazama kile kidole. Lori likapita likawamwagia upepo wa baridi, na hakuna aliyelitukana.

– Inasujudu, Askofu akanong'ona. Mishumaa inasujudu. Swali ni, inasujudia nani?

– Ni mishumaa feki, Landi akasema, lakini alisema kwa sauti ndogo. Siku hizi wanaleta vitu feki kila mahali.

– Landi, ngoja nimalize. Unajua ile picha ya buda, mzee wetu marehemu? Ile ya rangi, amevaa koti, nilimwekea kwa fremu nikaitundika kwa ukuta, inaangalia vioo?

– Naijua. Ulituonyesha.

– Mzee anapotea. Koti ilianza. Pasaka ilikuwa ya buluu. Saa hii ni nyeupe. Sammy anasema sasa ni uso. Macho yamebaki kidogo tu. Mathe ndiye aliona. Juzi alisema mzee ametoka kwa hii nyumba, na yeye hawezi kubaki akiwa peke yake.

Landi ni mtu asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa, lakini hapo alirudisha kikombe chini bila kunywa. Mbithe alisonya, akafunga leso yake vizuri kichwani, akajongea karibu na wanaume. Brashi aliona wote wameshtuka, na mshtuko wao ukamtia hofu kuliko ule wake mwenyewe, kwa kuwa alikuja hapo akitumaini kuchekwa.

– Sikiza, Askofu akaanza, na kila mtu alijua mahubiri yameanza. Hiyo dizaini uliitoa wapi? Loresho. Ulimwomba mwenyewe?

– Nitamwomba dizaini aje? Nilikariri.

– Haya. Umeiba. Umeiba dizaini ya mtu, na dizaini ya tajiri haikai peke yake. Huyo mtu wa Loresho unajua pesa zake zilitoka wapi? Alikula kiapo wapi? Wewe umechora chimni, umechora na yule anapitia kwa chimni. Na haikuja mara moja. Haba na haba hujaza kibaba. Leo kamoja kameingia, kesho kengine, saa hii wamejaa mpaka wanatembea kwa paa wakikosa nafasi.

– Huyo wa Loresho mwenyewe mbona anakaa tu? Mbithe akauliza. Anaota moto wake, hana shida.

– Huyo ni wao. Hawawezi msumbua mtu wao.

– Askofu, wewe unaona shetani hata kwa supu, Landi akasema, nguvu zikimrudia. Mimi nitawaambia. Hii ni sayansi. Hiyo nyumba ina vioo kutoka chini mpaka juu, sivyo? Na ulikata miti yote ya mbele.

– Nilikata ionekane kutoka barabarani.

– Ehe! Imeonekana. Haijaonekana tu kutoka barabarani, imeonekana kutoka juu. Setilaiti, Brashi! Zile za Marekani. Zinapita kila mchana zikipiga picha dunia nzima. Nyumba ya nyasi haziioni, inafanana na kichaka. Lakini hiyo yako inang'aa kama kioo cha kinyozi, kwa hivyo kila siku wanapiga. Na kila wakipiga wanachukua sura kidogo. Wameanza na ya buda.

– Na mishumaa?

– Ni nguvu ya mitambo hiyo. Inavuta kila kitu.

– Na hiyo tak tak ya paa?

– Ndio hiyo sasa. Kamera ikipiga si hufanya "tak"?

Kwa namna ya kutisha jambo hilo lilikaa sawa, na benchi likalionja. Mbithe akaharibu utamu wake.

– Nyinyi wanaume mna wazimu. Mama wa watu amewekwa kwa nyumba haina ukuta, ni vioo tu. Ataogea wapi? Atabadilisha nguo wapi? Hata mimi ningehama.

– Nilimwekea pazia, Mbithe. Nzito, za maroon.

– Basi anakaa gizani na nyumba ina madirisha hivyo?

– Anafunga mchana, anafungua jioni. Hapana. Jioni pia anafunga, kwa sababu jua inaingia mpaka jikoni. Brashi alijikuna shingo. Anafungua usiku.

– Sasa vioo vyote hivyo ni vya kuangalia usiku?

Simu ya Brashi ikalia mara moja ikakatika, ambayo maana yake ilikuwa: nimeishiwa na pesa za simu, piga wewe. Alikuwa ni Sammy. Brashi aliitazama simu kama mtu anayetazama mlango unaobishwa na polisi.

– Mwambie wabomoe, Landi akasema.

– Landi!

– Bomoa. Mtu mzee anazoea. Mimi nyanya yangu, cucu, alikuwa na nyumba ya duara, ile ya zamani, pale penye vyumba vyangu vipo sasa. Haikuwa na dirisha hata moja, moto uko katikati, mbuzi wamelala kando. Ukiingia na baridi kama hii ya leo unatoka jasho. Sisi tukasema, aibu gani hii, tuko karibu na jiji. Tukaibomoa, tukamjengea ya mabati na simiti, ina madirisha pande zote. Alilia siku moja, basi, akanyamaza.

– Akazoea? Brashi akauliza, na moyo wake ulikuwa ukiomba jibu liwe ndiyo.

Landi alipapasa mfuko akitafuta kitu ambacho hakikuwemo.

– Alikuwa mzee. Alikuwa na kifua. Lakini alinyamaza.

– Usibomoe kabla ya maombi, Askofu akasema. Kwanza tufunge chimni kwa saruji na kwa jina la Bwana. Halafu mlango. Huo mlango wako ni wa mbao? Weka wa chuma. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kumaanisha ukiweka mlango hafifu kila mtu atafungua aingie ndani.

– Haimaanishi hivyo, Mbithe akasema.

– Wewe pika kahawa.

Wakati huo kulikuwa na gari dogo limeegeshwa kando ya barabara, gurudumu moja limelala, na fundi wa pancha amejilaza chini yake. Mwenye gari, dada mmoja wa ofisi aliyejitambulisha kwa Mbithe kwa jina la Cate, mkazi wa Kilimani, alikuwa ameomba kikombe ajipashe mikono moto. Walimsogezea nafasi kwa adabu, kisha wakamsahau. Alikuwa amesikiliza kesi yote tangu setilaiti, na kikombe chake kilikuwa kimetulia mdomoni.

– Samahani, akasema. Naweza ona hiyo picha?

Brashi akampa. Dada akaitazama, akaipindua, akaitazama tena.

– Ni nyumba poa sana.

– Asante.

– Na hii nyingine, hii imejificha huku pembeni? Hii ya nyasi ndiyo ya mama?

– Ndiyo hiyo. Brashi aliona haya. Usiangalie hiyo. Nyasi imeshuka mpaka kwa kifua cha mtu, ukuta ni mnene hivi, umejaza matope tu, dirisha ni moja na ni kama la kuku. Buda ndiye aliijenga. Nikimwuliza mbona hii paa inatugonga kichwa, ananiambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyumba yenyewe imeipa barabara mgongo. Watu wakipita wanaona ukuta. Nani hujenga nyumba ikipea barabara mgongo?

– Na barabara iko upande gani?

– Iko huku magharibi. Nyumba yangu ndiyo inaangalia barabara.

Dada alirudisha picha. Hakuwa na haraka, na hakuwa na nadharia yoyote. Alikuwa tu anapitisha wakati fundi akimaliza pancha.

– Na wewe ukienda huko nyumbani, mchana huwa unakaa wapi?

– Ndani kwake, si ni nyumba yake, Landi akamjibia.

Brashi alifungua mdomo kusema hivyo hivyo. Lakini akili yake ilirudi Pasaka, siku ile ya vigelegele, wageni walipomaliza kuzunguka vyumba wakisifu. Aliingia sebuleni peke yake ili hatimaye akae ndani ya nyumba aliyoijenga kwa miaka yote hiyo. Jua lilikuwa limegeuka na kuingia kwa vioo, na mabati juu yake hayakuwa hata na siling. Joto lilimpiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya ugali, joto la kuweza kuinamisha mshumaa. Alikaa kwenye kiti chake kipya kwa muda wa kunyamazisha dhamiri, shati likamganda mgongoni, kisha akachukua kiti hicho hicho akatoka nacho. Alikipeleka wapi? Alikipeleka barazani kwa nyumba ya zamani, mama alikokuwa ameketi kwenye kigoda chake, chini ya ile paa ya kugonga kichwa, ambako sakafu ya samadi ilikuwa baridi chini ya nyayo na upepo ulikuwa ukipita taratibu. Hapo alikaa mpaka jua likatua, na kesho yake vivyo hivyo, na safari iliyofuata pia. Na kila mara alijiambia moyoni kwamba anamkalia mama karibu, kwamba ile ni heshima ya mtoto kwa mzazi.

– Brashi? Askofu akamsukuma bega. Umeulizwa. Unakaa wapi?

Brashi alimgeukia Landi, kwa kuwa Landi ni mwepesi wa majibu.

– Na cucu yako, Landi? Ile ya mabati yenye madirisha pande zote. Huko ndani alikuwa anakaa?

Landi alitazama ukungu uliokuwa umelalia barabara. Alikuwa ametia mikono kwapani kwa baridi.

– Alikuwa anakaa jikoni, akasema. Siku yote alikuwa jikoni, karibu na moto. Sisi tulikuwa tunasema ni ushamba.

Hakuna aliyemcheka. Fundi wa pancha aliita kwamba gurudumu liko tayari, dada akawashukuru, akaacha kikombe, akaenda zake bila kujua alichofanya. Brashi akabonyeza simu.

– Sammy.

– Brathe! Sauti ilitoka kwa nguvu hata benchi zima likasikia. Tumengoja sana. Tubomoe ama tusibomoe?

– Ngoja kwanza. Hao vijana wako wapi saa hii?

– Wapo, wamepumzika kidogo. Jua ya leo ni mbaya sana.

– Wamepumzikia wapi, Sammy?

Kwenye simu kikatoka kicheko cha mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu.

– Si hapa kwa mama, barazani. Sasa huku nje kuna mahali pengine pa kukaa saa hizi? Hata anawapa maji ya mtungi. Wote wamenyoosha miguu, mmoja amelala, ameweka kichwa kwa jembe.

– Wasiguse hiyo nyumba.

– Unasema?

– Wasiguse hata unyasi mmoja. Hema itafute mahali kwingine. Na hiyo picha ya buda, itoe kwa ukuta wa huko. Mpelekee mama, aitundike kwake.

Alikata simu. Walikaa, wanaume watatu na mwanamke mmoja, mabega yakigusana, miguu yote imeelekezwa kwenye jiko. Askofu alikohoa, akakohoa tena.

– Sasa na jini?

– Askofu, Landi akasema bila kugeuka, nyamaza kidogo.

Kisha akanyoosha kikombe chake kwa Mbithe. Mbithe akainamisha birika, akalitikisa, halikutoa kitu.

– Imekwisha, akasema. Mmenimaliza na maneno.

Hakuna aliyeinuka. Landi alikuwa bado ameshika kile kikombe kitupu, akakizungusha mara kadhaa mikononi.

– Hata hatukumwuliza, akasema. Cucu. Tulibomoa tu.